Foleni ya Babu

Jumatano ya tarehe 10 Aprili mwaka 2019 nilikuwa kwenye foleni ya kantini, sahani mkononi, nikisubiri wali maharage, niliposoma kwenye simu kwamba mzee mmoja wa Kimarekani amefariki dunia huko Texas akiwa na miaka 103. Aliitwa Richard Cole. Nikatoka kwenye foleni. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akaniuliza, "Vipi, umefiwa?" Nikamjibu ndiyo, halafu nikasema hapana. Kwa kweli sikujua nijibu nini.

Cole hakuwa ndugu yangu. Nilimwona mara moja tu, kwa mbali, miaka miwili kabla ya hapo. Ila kwa sababu yake nilimpigia simu babu yangu usiku ule, na kwa sababu ya simu ile nina daftari moja ambalo lina thamani kuliko vyote nilivyorudi navyo kutoka Marekani. Naomba niwasimulie tangu mwanzo, maana najua wengi wenu mna babu, au mlikuwa naye.

Mwaka 2017, nikiwa mwaka wa pili, nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika chuo kimoja cha jimbo la Ohio. Nasoma uhandisi mitambo. Nilifika Januari na koti la kuazima, na kwa miezi mitatu ya kwanza somo nililolielewa vizuri lilikuwa baridi. Mwenzangu wa chumba alikuwa binti kutoka mkoa wa Zhejiang, China, aliyekuwa anasoma takwimu. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kufikiri kwanza ndipo useme, kwa hiyo tukaelewana haraka. Yeye alipika, mimi nikaosha vyombo.

Katika jimbo hilo kuna mji wa Dayton, walikoishi ndugu wawili Wilbur na Orville Wright, wale walioruka kwa ndege yenye injini mwaka 1903. Pembeni ya mji kuna Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani. Ni majengo makubwa kama maghala ya bandarini, ndani yamejaa ndege, nyingine zimening'inizwa juu ya vichwa vya watu. Kuingia ni bure, na kwa mwanafunzi anayehesabu senti, hilo neno "bure" lina utamu wake.

Mwezi wa nne tukasikia kwamba tarehe 18 kutakuwa na kumbukumbu ya miaka 75 ya shambulio la Doolittle, na kwamba ndege za zamani za B-25 zitaruka. Mimi nilitaka injini. B-25 ina injini mbili, kila moja na silinda 14 zilizopangwa mduara, na kwa mtu aliyezoea kuchora injini kwenye karatasi ya mtihani, kuisikia ikinguruma ni sikukuu. Mwenzangu alikuwa na sababu yake. Hakunieleza. Alisema tu, "Na mimi nakuja."

Kwa wasioijua habari hii, kwa kifupi ni hivi. Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor. Wamarekani wakataka kujibu, ila Tokyo ilikuwa mbali mno kwa ndege zao za mabomu. Luteni Kanali James Doolittle akapewa kazi ambayo haikuwahi kufanyika vitani: kurusha ndege za mabomu zilizotengenezwa kwa viwanja vya nchi kavu kutoka juu ya meli. Zilikuwa ndege 16, kila moja na watu watano, jumla watu 80, wote wa kujitolea. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1942 mashua ya Wajapani iliwaona wakati meli yao, Hornet, ikiwa bado zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Japani. Mpango ulikuwa kusogea karibu zaidi. Wakaamua kuruka palepale, huku wakijua kwamba mafuta huenda yasiwafikishe kwenye viwanja vya China walikotakiwa kutua. Doolittle akatangulia. Pembeni yake, kama rubani msaidizi, alikaa kijana wa Dayton wa miaka 26. Huyo ndiye Richard Cole.

Wakadondosha mabomu Tokyo na miji mingine. Kwa hesabu za vita uharibifu haukuwa mkubwa, lakini watu walikufa, raia wakiwemo. Ndege moja ikaenda kutua Umoja wa Kisovieti. Nyingine 15 ziliishiwa mafuta usiku, katika hali mbaya ya hewa, kwenye pwani na milima ya mashariki mwa China, na zote zikapotea. Watu watatu walikufa katika kuanguka huko. Wanane walikamatwa na Wajapani. Watatu kati yao waliuawa kwa risasi na mmoja akafia kifungoni. Cole aliruka kwa parachuti, akaivuta kamba kwa nguvu hadi akajipiga ngumi ya jicho, parachuti ikanasa juu ya mti, naye akalala huko huko mpaka kukacha. Doolittle yeye aliangukia kwenye samadi. Alidhani akirudi nyumbani atafikishwa mahakama ya kijeshi. Badala yake alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake.

Vita vilipokwisha wakaanza kukutana, wakawa na desturi ya kufanya hivyo kila mwezi wa nne, mara mji huu, mara mji ule. Mwaka 1959 mji wa Tucson uliwapa vikombe 80 vya fedha, kila mtu na chake. Kila kikombe kina jina lililochongwa mara mbili: mara moja likiwa wima, mara ya pili likiwa kichwa chini. Walipokutana, walio hai walikunywa kwa ajili ya waliotangulia, na kikombe cha aliyekufa kikageuzwa kifudifudi. Ndiyo maana jina lilichongwa mara mbili, ili lisomeke hata kikombe kikishageuzwa. Walikuwa pia na chupa moja ya konyaki ya Hennessy ya mwaka 1896, mwaka aliozaliwa Doolittle. Walikubaliana isifunguliwe mpaka wabaki wawili.

Mwaka 2013 walikuwa wamebaki wanne, wote wamevuka miaka 90. Wakaona kwamba wakisubiri wabaki wawili, hao wawili huenda wasiwe na nguvu ya kuinua kikombe. Novemba mwaka huo, hapo hapo kwenye makumbusho ya Dayton, watatu wakaweza kufika. Majina yote 80 yakasomwa, moja baada ya jingine. Lilipofikiwa jina la aliyekuwepo, mzee akaitikia kwamba yupo. Majina mengine yote yakapita bila jibu. Kisha wakafungua chupa.

Kufikia katikati ya 2016 alibaki Cole peke yake. Kwa hiyo siku tuliyokwenda sisi, ulikuwa mkutano wa mtu mmoja.

Nilidhani jambo kama hilo lingekuwa la huzuni tupu, au hata la kuchekesha: mtu mmoja kukutana na nani? Lakini watu walijaa. Walikuja watoto na wajukuu wa wale wengine 79, walikuja wazee wa vita vingine wakiwa na kofia zao, walikuja wazazi na watoto wadogo mabegani. Cole alikuwa na miaka 101. Nilichokiona ni kichwa cheupe katikati ya mabega ya watu, basi. Angeweza kubaki kwake Texas na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuja.

Halafu zikaja ndege. Mlio wake si kama wa Bombadia zetu. Kwanza ulianza chini, kama lori linalopanda mlima, kisha ukaingia kifuani. Zilikuwa 11, zikapita chini chini, na nikaona vioo vya puani ambapo mlenga mabomu alikuwa anakaa. Nilikuwa nimejiandaa kuhesabu silinda na kulinganisha mlio na nilichosoma. Sikuhesabu chochote. Mzee mmoja karibu yangu alivua kofia na hakuivaa tena mpaka ndege zilipopotea. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, anatazama chini.

Tuliambiwa kwamba kikombe cha David Thatcher, aliyefariki mwaka uliotangulia, Cole alikigeuza faraghani, bila sisi watazamaji. Baadaye tukaingia ndani kuangalia kabati la vikombe. Vimepangwa kwa safu kama wanafunzi kwenye picha ya darasa. Siku ile vyote vilikuwa vimegeuzwa isipokuwa kimoja.

Mwenzangu alisimama pale muda mrefu. Halafu akasema, "Themanini. Sisi tungehitaji vingapi?"

Hapo ndipo aliponieleza. Kijiji cha mama wa bibi yake kiko upande wa Quzhou, katika sehemu zile ambako Wamarekani walianguka. Wanakijiji wa huko waliwaficha, wakawalisha, wakawabeba waliojeruhiwa, wakawapitisha usiku kijiji hadi kijiji mpaka wakafika salama. Mwezi uliofuata jeshi la Japani likaingia Zhejiang na Jiangxi. Lilikuja kuharibu viwanja vya ndege, na lilikuja kulipiza kisasi. Vijiji vilichomwa, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Wachina 250,000 waliuawa katika miezi ile. Mama wa bibi yake alijificha mlimani na watoto. Mume wake alibaki kulinda nyumba. Hawakumkuta.

Nikamuuliza kama ana hasira na hawa wazee. Akafikiri kwanza, kama kawaida yetu. Akasema hapana. Hao wazee, alisema, hawakuwasahau. Familia za Wachina waliowasaidia zimewahi kualikwa na kuja kwenye mikutano yao. "Ila kikombe kina nafasi ya jina moja tu," akasema.

Kisha akanigeuzia swali: "Na kwenu? Hakuna aliyepigana?"

Nikasema yupo, babu yangu, mzaa baba. Alikuwa Keya. Alikwenda Burma.

"Alifanya nini huko?"

Jamani, nilisimama pale kama mtu aliyeitwa ubaoni. Nilikuwa tayari najua jina la rubani wa ndege ya kwanza na la msaidizi wake, na chupa yao ilikuwa ya mwaka gani. Sikujua babu yangu alifika Burma kwa njia gani.

Siyo kwamba Babu alikuwa hasemi. Sisi ndio tulikuwa hatusikii. Kila likizo tulipokwenda Songea alikuwa anatupanga wajukuu wote uani kabla ya kula. Alipaza sauti, "Folini!", nasi tukakimbia kujipanga huku tunasukumana. Kisha "Hesabu!", tukahesabu moja, mbili, tatu, mpaka mdogo kuliko wote aliyekuwa hajui namba yake. Mwisho Babu aliuliza, "Nani hayupo?" Tukamwambia wote tupo. Aliuliza hata siku ambayo wote tulikuwepo na kila mtu anajua. Tulicheka, tukasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Alipoanza kusema habari za Bama, yaani Burma kwa matamshi ya wazee wa Keya, tulitoroka mmoja mmoja kwenda kucheza.

Usiku ule saa tano kwa saa za Ohio, ambapo Songea ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, nikampigia baba mdogo. Nilijua Babu ameshaamka, maana hakuwahi kulala baada ya jogoo wa kwanza.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu. Huko Ulaya wanakupa ugali?"

Kwake yeye kote ni Ulaya. Nikamwambia hawanipi. Akacheka, akasema basi nirudi, mahari aliyolipa si ya kuchezea. Halafu nikamwambia nimetoka kuwaona wazee wa vita, nikamweleza habari za vikombe. Nikamuuliza, "Babu, na wewe kule Bama ilikuwaje?"

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Babu. Nauliza mwenyewe."

"Haya," akasema. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Akaniambia alichukuliwa akiwa kijana asiye na mke. Mombasa akapanda meli, wakashushwa Ceylon, wakafundishwa vita vya msituni, na mwaka 1944 wakapelekwa Burma. Niliyoyasoma baadaye maktaba yalilingana na maneno yake: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za masika ya huko, mahali palipojaa malaria, na mwezi wa Desemba 1944 ikaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Vitabu vinasema barabara zilikuwa hazipitiki. Babu alisema tope lilikuwa linakula kiatu na mguu.

Nikamuuliza kama aliziona ndege za mabomu. Akasema aliziona, lakini ndege anayoikumbuka ni nyingine. "Ndege kwangu mimi ni unga, mke wangu. Bila ndege tungekufa njaa. Zinapita juu, zinamwaga magunia, nasi tunakimbilia." Akanyamaza tena. "Kuna mtu aliuawa na gunia la unga. Si risasi. Gunia. Lilimwangukia. Tulikuwa tunakula sahani moja."

Kisha akaniuliza, "Una kalamu?"

Hapo ndipo daftari lilipoanza. Nilichukua lile la hesabu za joto, nikalifungua kwa nyuma. Babu alikuwa koplo, na sauti ikabadilika ikawa ya koplo. Akataja jina, na la baba yake, na anakotoka: huyu wa Mbinga, huyu wa Tabora, huyu Mkamba kutoka Kenya, huyu Mnyasa. Baada ya kila jina alikaa kidogo. Mwanzoni nilidhani ananisubiri niandike. Lilipofika jina la nne au la tano nikaelewa kwamba anasubiri aitikiwe. Nikakumbuka majina ya Dayton yaliyopita bila jibu. Nikakumbuka uani kwetu: "Nani hayupo?"

Jina la kwanza lilikuwa la yule wa gunia. La pili lilikuwa la rafiki yake aliyeingizwa kwenye mizinga na kupanda meli nyingine. Meli hiyo niliitafuta: ni Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikapigwa na manowari ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nimesoma historia kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne na sikumbuki kuisikia meli hiyo darasani hata siku moja.

Tulifika majina 11. Bando la baba mdogo likakaribia kwisha. Babu akasema, "Waliobaki nitakutajia ukija. Ni wengi. Usipoteze hilo karatasi."

Sikulipoteza. Nilipoteza kitu kingine.

Nilirudi Mei. Nikasema nitakwenda Songea baada ya kumaliza ya chuo. Ikaja mitihani. Nikasema baada ya mafunzo kwa vitendo. Ikaja Desemba, bumu likachelewa, nauli ikawa shida, na kusema kweli rafiki zangu walikuwa wanakwenda Bagamoyo, nami nikaenda Bagamoyo. Kule nauli ilipatikana. Januari 2018 baba mdogo akapiga simu alfajiri, na simu ya alfajiri huwa haina haja ya kuipokea ili ujue.

Makaburini ukasomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alioa, aliacha watoto saba na wajukuu 31. Kuhusu jeshi kulikuwa na maneno machache, kwamba aliwahi kuwa askari wa mkoloni. Basi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, mapajani. Ningeweza kusimama. Wazee walikuwa wamejaa, jua lilikuwa kali, padri alikuwa na misa nyingine, na mimi ni mtoto wa kike wa juzi. Nilibaki nimekaa. Nimewaza siku ile mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kushindwa.

Tangu hapo nimekuwa najiuliza kwa nini maneno yalikuwa machache vile. Si kweli kwamba sisi hatujui kukumbuka. Songea kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na Babu alikuwa hakosi. Anakwenda na koti lake, anasimama mbele, anarudi jioni ameridhika. Majina ya wale yanajulikana. Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita ya kwanza. Tunapita pale kila siku, tunapeana miadi pale. Yule askari hana jina.

Babu aliangukia katikati. Alipigania mfalme ambaye hakuwa wake, na mfalme huyo alipoondoka hakumchukua. Nchi mpya ilikuwa na mashujaa wake wa kuwaimba, na ilikuwa haki yao kuimbwa, ila mtu aliyerudi na kofia ya Keya hakuwa mmoja wao. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kazi ya kumwita. Akabaki kuwaita wenzake mwenyewe, uani, kwa kupanga wajukuu waliokuwa wanamcheka. Ule ulikuwa mkutano wake. Alikuwa Cole wetu, na sisi tulidhani anacheza na watoto.

Sioni wivu kwa vikombe vya fedha. Naona wivu kwamba kuna mtu alisoma majina, na kwamba kulikuwa na mwenye kuitikia.

Ndiyo maana niliposoma ile habari kwenye foleni ya kantini nilitoka. Nilijua kile kikombe kimoja hakina tena mwenyewe. Nikaenda hosteli, nikachukua daftari. Pasaka ilikuwa wiki moja na nusu mbele. Safari hii nauli nilikopa, na nikapanda basi la Songea.

Jumatatu ya Pasaka, kaburini, baba mdogo akawapanga watoto wa safari hii, nami nikayasoma majina 11. Sikuwa na sauti ya koplo. Watoto walicheka kidogo, halafu wakaacha. Nilipomaliza, baba mdogo akaomba nirudie la kwanza, la mtu wa Mbinga. Akasema ukoo huo anaufahamu, wako bado huko, kijana wao mmoja anauza kahawa. Jioni akampata kwenye simu, akanikabidhi.

Nilijitambulisha. Nikamwambia babu yangu alikuwa na babu yake Burma. Upande wa pili pakawa kimya, kisha akasema, "Sisi tulijua tu alikwenda Bama. Bibi alisema alisubiri, halafu akaolewa na ndugu yake." Akaniuliza alikufaje.

Hapo nilitamani Babu angekuwepo, anipokonye simu. Nimwambie nini? Kwamba babu yake hakupigwa risasi, hakuokoa mtu, aliangukiwa na unga? Nilifikiria kusema vitani, niishie hapo. Lakini daftari lilikuwa mbele yangu, na Babu hakuwa amesema vitani. Nikamwambia kama nilivyoambiwa. Nikamwambia walikuwa wanakula sahani moja. Nikamwambia kwamba Babu alisema walimzika siku hiyo hiyo, juu ya kilima, na yeye alishika jembe.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe alizikwa."

"Alizikwa."

"Basi. Asante, dada. Nitamwambia mzee."

Yamebaki majina kumi, Tabora, Ukambani na kwingine. Sitayaandika hapa, maana wenye haki ya kuyasikia kwanza ni wao. Yale mengine ambayo Babu alisema nitakutajia ukija, hayapo tena popote duniani, na aliyeyapoteza ni mimi, kwa nauli ya Bagamoyo.

Niliwahi kumuuliza mhadhiri mmoja wa Kiswahili kuhusu ile amri ya Babu. Akaniambia neno letu foleni limetoka huko huko, kwa askari, kwenye amri ya Kiingereza ya kujipanga, "fall in". Kwa hiyo kila tunapopanga foleni ya kusajiliwa, ya kusaini bumu, ya wali maharage, tunatumia neno walilotuachia wao. Ukiwa kwenye foleni leo na simu iko mkononi, piga nyumbani. Uliza jina moja. Na uwe na kalamu.